Barua kwa Binti Yangu: Droo Yenye Vitabu Viwili

Mama,

Habari za Dodoma? Sisi hapa Tanga tuko salama. Mvua zimeanza na bati la jikoni limerudia mchezo wake wa kuvuja.

Siku ile ya Pasaka uliposema mezani kwamba kanisani huendi tena na dini huna, mimi nilinyamaza. Mama yako aliinuka akaenda jikoni. Shangazi yako akasema hayo ndiyo matunda ya chuo. Wewe ukawa unanitazama mimi tu, kama vile nitasoma hukumu. Mwanangu, mimi sikuwahi kuwa hakimu. Nilikuwa karani wa mahakama.

Miaka 31 nimewapa mashahidi vitabu vya kushika. Kwenye droo ya meza yangu mlikuwa na Biblia ya jalada jeusi, pembe zimelika, na Msahafu niliouvisha kitambaa cha kijani, vimelala pamoja miaka yote bila ugomvi. Shahidi akiingia anaulizwa jina, umri, kazi, dini. Mkristo anaapa, Mwislamu anathibitisha, maana sheria inaliita tamko lake la kusema kweli uthibitisho, si kiapo. Nimeona watu wakiinua Biblia juu, sauti imetulia kabisa, halafu wakadanganya tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Wengine tulikuwa benchi moja kanisani Jumapili iliyotangulia.

Siku moja akaja mzee mvuvi. Kesi ilikuwa ya mpaka wa shamba la minazi, na aliyemleta ni mpwa wake. Alipoulizwa dini akajibu, "Sina." Nikadhani hakusikia vizuri, nikarudia. "Andika sina. Mimi mvuvi." Watu wakacheka; hakimu hakucheka. Sheria ya viapo inasema mtu akikataa kuapa kwa sababu hana imani ya dini, aruhusiwe kuthibitisha, na uthibitisho wake una uzito uleule wa kiapo. Basi mzee yule akathibitisha, kama wanavyofanya Waislamu kila siku, kisha akatoa ushahidi uliomzamisha mpwa wake mwenyewe. Alisema mpaka uko pale ulipokuwa mkorosho, akamgeukia mpwa: na mkorosho uliukata wewe. Jioni nilimkuta kwenye ngazi za mahakama amevua kandambili, anakung'uta mchanga. Aliniomba nauli. Mpwa alikuwa amekataa kurudi naye.

Wapo na watoto. Zamani mtoto wa miaka 14 kushuka chini akija kutoa ushahidi, hakimu alipaswa kwanza kumpima kama anaelewa maana ya kiapo, na mara nyingi maswali yaligeuka darasa la kipaimara. Unasali wapi? Mtu akisema uongo anakwenda wapi? Wengi walijibu "motoni" huku wanatazama dari. Kabinti kamoja kakajibu, "Anachapwa na bibi," na hakimu akaandika vilevile. Mwaka 2016 Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa. Sasa mtoto anaweza kusema bila kiapo wala uthibitisho. Anachotakiwa ni kuahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Nilinung'unika, nikaona wamempunguzia Mungu kazi. Lakini nilipokuwa nasikiliza zile ahadi, sauti ndogo, macho kwa hakimu, sikuona pengo lolote. Mimi bado nasali, unajua. Nasema tu nilichokiona.

Kwa hiyo usidhani umeasi nchi. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri yetu haina dini, na ya 19 inakupa uhuru wa kuamini, hata wa kubadili. Sensa haijatuuliza dini tangu ile ya 1967. Na Mwalimu Nyerere, aliyeiongoza nchi miaka ile, alikuwa mtu wa misa.

Ila kuna la mama yako. Nilimuuliza usiku ule kinachomliza, nikitegemea aniambie moto wa milele. Akasema, "Akifa, nani atamzika?"

Usicheke. Unamkumbuka baba yako mdogo, fundi baiskeli. Alipofariki, kadi yake ya michango ya kanisa ilikuwa tupu miaka sita, na aliyetakiwa kuja kumzika hakuja. Tukabaki na jeneza barazani, jua linapanda. Baada ya adhuhuri vijana wa barabara yetu walitoka msikitini, wakaingia uani bila kuitwa, wakauliza majembe yako wapi. Aliyesoma Zaburi ni mimi, na nilichanganya mistari. Mbona walikuja? Kwa sababu marehemu hakukosa msiba wa mtu hata mmoja pale Ngamiani. Alikuwa anafika kabla ya turubai, na baiskeli yake imefungwa madumu mawili ya maji. Hakuwahi kuuliza aliyekufa alikuwa anasali wapi.

Mashaka yangu juu yako yako hapo. Sisi wa kanisani tuna matangazo: Jumapili nasomewa nani amelazwa, nani amefiwa, hata kama nilikuwa nasinzia. Wewe nani atakutangazia? Umekaa nyumba ile miaka miwili, na nilipokutembelea nikakuuliza jina la mama wa mlango wa pili, ukasema hujui. Yule mama alikuwa na mguu umevimba, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Mimi mgeni nilimwona.

Na lingine, kwa kuwa nimeshaanza. Chupa ya maji ya upako ya shangazi yako uliichezea mbele ya watoto. Hata mimi maji yale siyaamini, hasa kwa bei ile. Lakini ameyanunua kwa hela ya vitumbua akiwa na uvimbe ambao hospitali wamemzungusha miezi minne. Mpigie umwombe radhi, halafu umtafutie namba ya daktari huko, wewe unayejua watu.

Nimesikia mitaa ya huko ina vyama vya kuzikana. Uliza, ujiandikishe, na usiwe wa kutuma mchango kwa simu tu. Nenda ukakoshe masufuria. Kiingilio nitakutumia mimi, mama yako asijue kwanza.

Yeye mpigie Jumapili. Ila subiri ipite saa saba, atakuwa ameshatoka kanisani.

Baba yako