Stesheni ya Tanga itutengee chumba kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe ombi: stesheni yetu ya treni itenge chumba cha makumbusho ya vitu vya reli. Mimi ni mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni tangu enzi za East African Railways and Harbours hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na vichwa vyake vya treni na lawama zake.

Mwezi uliopita nilikuwa Maputo kwa mpwa wangu anayefanya biashara huko. Asubuhi moja alikuwa na shughuli bandarini, akaniacha mbele ya stesheni kuu. "Mjomba, wewe mtoto wa reli," akaniambia, "humu hutachoka." Aliporudi adhuhuri alinikuta bado nimo.

Stesheni iko sehemu ya chini ya mji, na bandari iko pua na mdomo. Jengo limepakwa kijani na nyeupe, juu yake kuna kuba kubwa ambalo kila mgeni analipiga picha. Ujenzi ulianza mwaka 1908, stesheni ikazinduliwa 1910, na jengo likakamilika 1916. Wanaotembeza wageni watakwambia kuba lile ni kazi ya Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris. Si kweli. Waliolisanifu jengo ni Lisboa de Lima, Mário Veiga na Ferreira da Costa. Lakini jina la Eiffel ndilo linalouza, nami sikuona haja ya kubishana na kijana anayetafuta riziki yake.

Kilichonishikisha kalamu, hata hivyo, si uzuri wa jengo. Makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 2015, yamewekwa ndani ya stesheni ambayo bado inafanya kazi. Ndani unatazama simu za kuzungusha kwa mkono na mitambo ya kukatia tiketi, nje honi inalia na watu wanakimbilia mabehewa. Vichwa vya mvuke vimesimama pembeni mwa majukwaa hayohayo ambayo kina mama wanashukia na mafurushi yao. Nilimwona mtoto mmoja, mkono mmoja umeshikwa na mama yake, anapitisha kidole kwenye gurudumu la kichwa kimoja huku wanatembea. Akakitazama kile kidole, akakifuta kwenye shati la shule. Mama hakugeuka, wala hakuna aliyekuja kuwafokea.

Mlinzi wa zamu nilimwomba ruhusa ya kupiga picha kwa ishara, maana Kireno sikijui. Akanijibu, "Piga tu, mzee. Umetoka Tanzania wewe." Kumbe ni mtu wa Mocímboa da Praia, kule Cabo Delgado, ambako Kimwani chao na Kiswahili chetu ni ndugu wa karibu. Tukapiga soga. Nikamuuliza kama akienda likizo kwao anapanda treni hapa hapa. Alicheka hadi kofia ikamkaa upande. Treni ya kutoka Maputo hadi kaskazini haipo, akasema. Na ndivyo ilivyo: Msumbiji ina njia kuu za reli za kusini, za Beira na za Nacala, kila moja inatoka baharini kwenda bara kwa jirani, na ndani ya nchi hazikutani. Reli ile haikujengwa ili mtu wa Maputo akamwone nduguye wa Nampula. Ya Maputo ilifika Pretoria mwaka 1895, na ndiyo iliyobeba vijana wa kusini mwa Msumbiji kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg, wengine wasirudi.

Nami nikamsimulia ya kwetu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Ile ya Dar es Salaam ilikwenda zake Kigoma ikafika 1914. Baadaye mtu wa Tanga aliweza kupanda treni akazunguka kwa Moshi na Voi hadi Mombasa, nchi nyingine kabisa, lakini Dar es Salaam hakuweza kwenda kwa treni hadi kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipojengwa, mwaka 1963. Baba alikuwa akilisimulia hilo kama kichekesho. Mlinzi hakucheka, alitikisa kichwa tu akasema, "Basi ni walewale."

Nje ya stesheni, katikati ya uwanja, kuna sanamu kubwa ya mwanamke. Ni kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno na Waafrika waliopigana na Wajerumani waliotokea upande wetu, walipovuka Ruvuma mwaka 1917. Wenyeji wao wana hadithi nyingine: mwanamke yule alibeba kichwani chungu cha uji wa moto, na nyoka aliyekuwa akiwavizia wapita njia kutoka juu ya mti akaangukia humo akafa. Sisi Tanga tuna nyuki wetu. Novemba 1914 Waingereza walipoteremsha jeshi kutoka India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwaleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, wachache mbele ya wengi, wakashinda. Watoto wa Tanga wote wanajua nyuki waliwauma Waingereza. Ni wangapi wanajua kwamba bila treni nyuki wangebaki peke yao?

Sasa nije kwenye langu. Ninayo taa ya baba ya kazi. Ni taa ya mkono ya mafuta ya taa, yenye vioo vitatu, cheupe, chekundu na cha kijani, ambavyo unavibadili kwa kuzungusha sehemu ya juu. Mpini wake umelika upande mmoja, pale kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa, na ukiishika unakuta kidole chako kinaingia humohumo. Umeme ulipokuwa ukikatika mama aliiwasha kwa kioo cheupe, na sisi watoto tukiibadilisha kuwa nyekundu tulikuwa tunachapwa, maana baba alisema nyekundu haichezewi.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kuitoa taa hiyo, pamoja na tiketi za kadibodi zipatazo 30 na kitabu kimoja cha ratiba, ziwekwe mahali zionekane. Ofisi ya kwanza niliambiwa niandike barua. Niliandika. Ya pili niliulizwa hiyo taa ina thamani gani, kana kwamba nimekuja kuiweka rehani. Mara ya tatu afisa mmoja, kijana mwenye adabu nzuri tu, alinishauri niitunze nyumbani "mpaka utaratibu utakapokuwepo". Nikaivusha tena reli nikarudi nayo Ngamiani ndani ya kikapu. Wakati huohuo mtaani kwetu wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku na mizani yao, na hao hawahitaji utaratibu wowote.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba nchi ina makubwa zaidi, kwamba tuna treni ya umeme sasa. Ninayo furaha nayo, mjukuu wangu ameipanda hadi Dodoma na hasemi kingine. Wengine watasema Tanga ina makumbusho tayari kwenye Boma la zamani, nami nawapongeza waliolihuisha. Lakini vitu vya reli vina harufu yake, vinataka kukaa relini. Hilo ndilo nililojifunza Maputo, wala halihitaji kuba.

Stesheni yetu bado imesimama. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20, na inapita Korogwe. Ninaloomba kwa wahusika ni chumba kimoja chenye mlango unaofungika, kabati za vioo na mtu wa kushika daftari la wageni. Hata kichwa cha treni hatuhitaji kwa kuanzia. Pakipatikana nafasi, basi liletwe toroli moja kutoka kwenye vireli vya mashamba ya mkonge, maana bila mkonge reli hii isingeelezeka. Mkonge wote huo ulianzia kwenye miche 62 tu iliyofika hai mwaka 1893 kati ya 1,000 aliyoagiza Mjerumani Richard Hindorf. Kule bandarini ndiko marobota yalikokuwa yakipakiwa melini, na hakuna hata kibao kinachosema hivyo.

La pili ni la haraka zaidi. Wazee waliofanya kazi kwenye vichwa vya mvuke wanahesabika kwa vidole. Yuko mmoja mtaani kwetu, alikuwa mchochea moto wa treni, ana miaka 87. Macho yamekwisha, lakini mwambie aigize kwa mdomo treni ya mizigo inavyojikokota kuondoka Korogwe asubuhi ya baridi, utasikia hadi breki. Jumamosi hii mjukuu wangu ananipa simu yake tukamrekodi. Nimemwomba mzee asitangulie kunywa kahawa, kwa sababu akishakunywa anahadithia siasa.

Wako,
Mtoto wa gadi,
Ngamiani, Tanga