Kima, Mamba na Sungura wa Jataka

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Baada ya salamu, rasimu yako ya Jataka namba 208, moja ya hadithi za maisha ya awali ya Buddha zilizoandikwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, nimeisoma, na nina furaha kubwa kwamba hadithi hizi zinaingia katika Kiswahili. Lugha yako ni tamu. Ila uliyoandika ni Kima na Papa, ile iliyomo katika hadithi za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870. Umemtoa papa ukamtia mamba, mengine yote yamebaki ya Unguja.

Angalia tofauti. Kwa Steere kima na papa ni marafiki, na moyo unatakiwa uwe dawa ya sultani mgonjwa. Katika Jataka hakuna urafiki wowote. Mke wa mamba amemwona kima, akashikwa na tamaa ya kula moyo wake. Mumewe anamwendea kima kumrubuni kwa matunda ya ng'ambo ya mto Ganges. Kwa hiyo lile neno "rafiki yangu" ulilorudia kila ukurasa, lifute. Na punda wa dobi mtoe kabisa. Huyo yumo katika Panchatantra, kitabu cha ngano cha Kisanskriti, na katika Kalila wa Dimna aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8. Kwa Kipali hayumo.

Anza na beti. Mkusanyiko una hadithi 547, na zimepangwa kwa idadi ya beti: fungu la kwanza ubeti mmojammoja, la pili beti mbilimbili, na kuendelea. Namba 208 iko fungu la pili, basi tafuta beti zake mbili uzifasiri kwanza. Hizo, gatha, ndizo maandiko yenyewe. Masimulizi yanayozizunguka ni ufafanuzi uliofuata. Ubeti wa kwanza unasema: yametosha hayo maembe, zambarau na mafenesi ya ng'ambo ya bahari, kwangu bora mkuyu. Umeona? Masimulizi yanasema mto, ubeti unasema samudda, bahari. Usivipatanishe. Acha mto kwenye masimulizi na bahari kwenye ubeti, msomaji aone mshono.

Umeandika "mtini". Weka mkuyu. Udumbara wa India ni ndugu wa mkuyu wetu, na yote miwili huzaa vishada kwenye shina na matawi makubwa. Hila nzima imesimama hapo: kima, akishajua kwamba moyo wake ndio unaotakiwa, anasema mioyo yao ingepasuka kwa kurukaruka, ndiyo maana huitundika juu ya mti, kisha anaonyesha vile vishada vilivyoiva. Mti wenye tunda moja hapa na moja pale haumdanganyi mtu, hata mamba.

Mwisho wa hadithi pia umeukata, pale Buddha anapotaja nani alikuwa nani: mamba ni Devadatta, adui wa Buddha, mkewe ni Cincamanavika aliyemsingizia Buddha mimba, na kima ni yeye mwenyewe alipokuwa Bodhisatta, yaani Buddha mtarajiwa. Bila fundo hilo inabaki ngano ya wanyama, si Jataka tena.

Sasa namba 316, ya sungura, ambayo naipenda kuliko zote. Msomaji wako akisikia "sungura" anangoja ujanja. Usimbadilishe mnyama, tanguliza mawaidha yake kwa wenzake watatu, fisimaji, mbweha na kima, kwamba watoe sadaka na kushika uposatha, siku takatifu ya Wabuddha. Neno hilo usiliite saumu, watu wataelewa alfajiri hadi magharibi, na hapa katazo ni kula baada ya adhuhuri. Kisha Sakka, mfalme wa miungu, anakuja kwa sura ya brahmani, yaani kuhani wa Kihindi. Fisimaji anampa samaki saba. Mbweha nyama, kenge na chungu cha maziwa mgando. Kima maembe na maji baridi. Sungura anasema hana ufuta, hana choroko, hana mchele, basi mgeni amle yeye sungura mwenyewe akishaiva motoni. Kabla ya kuruka anajikung'uta mara tatu, wadudu walio katika manyoya yake wasiungue. Wafupishaji hulitupa jambo hili, na mimi naliona ndilo kiini cha hadithi. Moto haumchomi. Sakka anaukamua mlima, na kwa maji yake anachora sungura mwezini.

Naga, yule nyoka mwenye nguvu za ajabu, mwache kwa jina lake. "Joka" huleta shetani akilini, na naga Mucalinda alijizungusha mara saba mwilini mwa Buddha kumkinga na mvua siku saba.

Kuhusu mizani, una bahati. Gatha hizi zina vipande vinne vya silabi nane nane, yaani kipimo cha utenzi. Hesabu: va-raṃ may-haṃ u-dum-ba-ro. Na kwetu: m-ku-yu wa-ngu ni bo-ra. Nane kwa nane. Niletee beti mbili za mwanzo ukishazipanga hivyo, masimulizi yasubiri.

Wako,
Sahibu yako