Kumpita adui kuna gharama, si marufuku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wachezaji wengi wa mchezo wa mezani wa kuigiza visa vya kubuni, Dungeons & Dragons hulikosea, nalo ni namna ya kumpita adui wakati wa mapigano. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilimwona binti aliyekuja kucheza kwa mara ya kwanza akinyimwa haki yake mezani.

Tulikuwa tumechora ukumbi kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na kete zetu zilikuwa vizibo vya soda. Binti yule alicheza kama kasisi. Mwenzake alikuwa ameanguka ng'ambo ya goblini wawili, yaani vijitu viovu vya kubuni, waliosimama huku na huku wakiacha mraba mmoja wazi katikati. Akahesabu njia kwa ncha ya kidole, akapata miraba mitano, na zamu yake ilimruhusu kwenda sita, yaani futi 30. Kiongozi wa mchezo akamwambia, "Huwezi, wamekuzuia." Akakirudisha kizibo chake, na raundi tatu baadaye mwenzake akafa.

Katika sheria za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, hakuna kizuizi cha namna hiyo. Kwa kawaida huwezi kupita kwenye mraba wenyewe anaosimama adui, isipokuwa kama mmepishana kwa ukubwa wa mwili kwa ngazi mbili au zaidi, lakini mraba ulio wazi kando yake ni njia kama njia nyingine. Gharama ni kwamba unapotoka mahali ambapo silaha yake inakufikia, anaruhusiwa kukupiga mara moja papo hapo, ingawa si zamu yake. Tena nafasi hiyo anayo moja tu mpaka zamu yake irudi, kwa hiyo akishaitumia kwako, mwenzako anayekufuata hapigwi naye. Anayeogopa hata pigo hilo anaweza kutumia tendo lake la zamu kujinasua, akapita bila kuguswa, ila kwa kasisi wetu hilo lingemla tendo ambalo huenda angelihitaji kumtibu majeruhi.

Tupige hesabu ya hatari aliyokatazwa kuikabili. Alivaa deraya ya minyororo na kushika ngao, kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa 18. Goblini huongeza 4 juu ya dadu ya pande 20, hivyo ili jumla ifikie 18 na ampate, kila mmoja alihitaji dadu ya 14 au zaidi, yaani nafasi 7 kati ya 20. Mchezaji jasiri angepita, na nina hakika binti yule alikuwa tayari kupita.

Nadhani tunaponzwa na drafti tuliyokua nayo, ambamo kete mbili za adui zikishikana hazirukiki. Wengine, hasa wakongwe, bado wanacheza kwa kumbukumbu ya toleo la tatu la mwaka 2000, ambalo kila mraba uliouacha karibu na adui uliweza kukuletea pigo, hata kama hukuwa umemwacha mbali. Sheria ya sasa hukuruhusu kumzunguka adui bila kupigwa, maadamu hujatoka kwenye ufikio wa silaha yake. Nakubali kwamba imempunguzia nguvu mshika ngao anayewalinda wenzake, lakini dawa yake ni kusimama mlangoni, penye upana wa mraba mmoja. Dawa si kubuni ukuta usioandikwa popote.

Nawaomba viongozi wa mchezo, mgeni anapohesabu miraba yake, mwambieni wazi, "Ukipitia hapa, hawa wawili kila mmoja anaweza kukupiga mara moja," kisha mwacheni aamue kabla hajakisogeza kizibo chake.

Mchezaji wa Jumamosi,
Dar es Salaam