Aliyelewa dereva, inayolala kituoni gari

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nisemee hizi gari zinazoshikiliwa vituoni hapa Tanga baada ya dereva kukamatwa amelewa, na niseme mapema kabisa kwamba sina ugomvi na trafiki kumkamata mlevi. Wamkamate tu. Barabara ya Muheza kuja mjini jioni ina watoto wa shule, ina baiskeli (na Tanga bila baiskeli si Tanga, atakayebisha huyo mgeni), ina bodaboda zisizo na taa, sa umweke humo mtu aliyeshiba tembo la mnazi na nyuma kapakia abiria, unategemea nini? Sheria ya Usalama Barabarani ipo toka 1973 na kiwango kinajulikana, miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, ukizidi hapo wewe na serikali. Kijana anayeniletea hesabu ya Noah yangu alipulizishwa kile kipimo pale Pongwe kikazidi, na mi nilipopigiwa simu nilisema alhamdulillahi, afadhali kakamatwa kabla hajaua mtu wa watu.

Ninachouliza ni kimoja, gari yenyewe ilikunywa nini?

Manake dereva kesho yake alasiri alikuwa nje kwa dhamana, yuko zake kijiweni na kahawa na kashata anawasimulia wenzake alivyolala mahabusu. Gari ndo ikabaki. Nimeenda pale na kadi ya gari yenye jina langu, bima haijaisha, kibali cha LATRA, kitambulisho cha NIDA, na mdogo wangu wa kiume mwenye leseni yake ambaye pombe anaisikia kwa jirani, kwamba yeye ndo ataendesha kuirudisha nyumbani Makorora. Naambiwa afande mwenye faili hayupo kaenda mahakamani. Narudi, afande yupo lakini anayeidhinisha ni mkuu wake na mkuu yuko kwenye msafara wa kiongozi. Narudi tena wote wapo, nikajua leo ni leo, naambiwa mama gari ni kielelezo haitoki mpaka kesi iishe. Nikamuuliza, kielelezo cha nini afande, kwani hakimu ataipulizisha Noah? Akacheka, kijana mstaarabu tu wala sina neno naye, akasema mama mimi natumwa.

Ingekuwa imegonga mtu ningenyamaza. Gari ya ajali inabidi mkaguzi aiangalie breki, usukani, matairi, na kesi yake inaweza kusimama kwa hicho alichokikuta, hilo naelewa na kila mwenye gari anaelewa. Lakini hapa hakuna aliyeguswa, hakuna hata kuku aliyekanyagwa, ushahidi wote ni pumzi ya dereva na karatasi ya kipimo na askari aliyemsimamisha. Gari inaongeza nini kwenye hiyo kesi? Na kama kweli inaongeza basi niandikiwe, nipewe karatasi inayosema inashikiliwa kwa sababu hii na mwisho wake lini, niende nayo kwa wenzangu wa kikoba nikawaonyeshe kwa nini marejesho yamechelewa, manake kikoba hakijui mambo ya kielelezo.

Sa sikia kilichonikera zaidi. Nilipoomba kuona ilivyopokelewa nikafunuliwa daftari. Kwenye mstari wa gari yangu kumeandikwa namba ya usajili halafu "Noah 1 nyeupe". Basi. Hamna spea, hamna redio, hamna jeki, hamna kilomita, hamna mafuta yalikuwa kiasi gani, wala sahihi ya dereva kwamba ameikabidhi ikiwa na kitu gani. Mtu ukipeleka mkoba wako mapokezi ya gesti ya Ngamiani wanakuandikia vizuri kuliko hivyo. Na wakati Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari akipekua nyumba ya mtu akachukua kitu atoe stakabadhi yenye sahihi, yaani simu ya laki moja inaandikiwa, gari ya mamilioni inaandikiwa rangi.

Dereva alivyokiri kosa akalipa faini yake ndo Noah ikatoka. Ilikuwa chini ya mkungu imejaa vinyesi vya kunguru, tairi mbili zimelala, betri imekufa kabisa, na upepo wa bahari wa kwetu mnaujua, kutu ilishaanza kwenye maungio ya mlango. Hayo yote ni ya Mungu na ya kukaa muda mrefu, siwezi kumlaumu mtu. Lakini mahali pa redio pana tundu, na zile waya zimekatwa sawasawa zikafungwa moja moja kwa selotepu nyeusi zisigusane. Kunguru hafungi selotepu. Spea nayo hamna, na nilipouliza nikaulizwa na mimi, mama una ushahidi gani kama ilikuja na spea? Ndo hapo daftari la "Noah 1 nyeupe" linapofanya kazi yake.

Kutoka nje getini kuna kijana hana sare wala kitambulisho, anadai hela ya ulinzi, kwamba kaiangalia gari usiku na mchana. Nikamwambia nipe kontrol namba nikalipe, akaniangalia kama nimemtukana. Jamani siku hizi malipo ya serikali yana kontrol namba, na dhamana yenyewe ni bure imeandikwa mpaka ukutani, sa hii hela ya getini ni ya nani? Wengi wanatoa ili yaishe, mi sikutoa, na namba ya TAKUKURU ni 113 haikatwi salio.

Mtoto wa dada yangu anaishi New Jersey huko Marekani, nilivyomsimulia akaniambia kwao gari ya mlevi nayo inashikiliwa tena kwa sheria, nikafikiri ananitania, nikamwambia nitumie nisome. Ni kweli. Mwaka 2000 kuna mtu alikamatwa amelewa, rafiki yake akaenda kumchukua kituoni akampeleka mpaka gari yake ilipo, yule akaingia akawasha, haukupita muda akamgonga kijana afisa wa jeshi la majini anaitwa John Elliott, wakafa wote wawili. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ikaitwa kwa jina la yule kijana, kwamba ukikamatwa umelewa gari inashikiliwa masaa 12, pombe iishe kichwani. Na kama gari si ya mlevi, mwenyewe anaweza kuja kuichukua hata kabla ya hayo masaa, mradi aonyeshe ni yake, bima ipo, leseni ipo na yeye mwenyewe hajalewa. Nimeisoma nikasema hawa wamekaa wakafikiria, wanashikilia kwa sababu inayoeleweka na sababu ikiisha gari inaenda. Sisi kwetu kukamata tunajua, kuachia ndo kila mtu ana yake.

Kuna baba mmoja nilikuwa namkuta pale kwenye benchi, Kirikuu yake aliichukua mdogo wa mkewe kubeba machungwa akapitia kilabuni. Yeye tatizo lake kubwa zaidi, kadi ina jina la mtu wa Dar aliyemuuzia na simu ya huyo mtu haipatikani, mkataba wa mauziano anao umegongwa muhuri wa wakili lakini anaambiwa aje mwenye jina. Hapo polisi siwalaumu sana, wakimpa gari asiyekuwa mwenyewe watajibu nini. Nyie mnaonunua gari kwa mtu nendeni TRA mkahamishe umiliki wiki hiyohiyo, mnaona hela ya kuhamisha kubwa, subirini shemeji aazime.

Ninachoomba kwa wakubwa wa trafiki mkoa wetu wala hakihitaji bajeti. Wabandike ukutani karatasi moja inayosema gari iliyoshikiliwa kwa ulevi wa dereva mwenye mali anatakiwa aje na nini, anayeidhinisha ni nani na asipokuwepo ni nani badala yake, na kama kuna malipo basi ni kiasi gani na yanalipwaje. Na siku gari inapoingia kijana wa zamu aizunguke na dereva au na mtu yeyote, aandike kilichomo, wapige na picha, simu wote wanazo. Kama karatasi hiyo tayari ipo mahali basi iko kabatini, waitoe.

Redio nimeshasamehe, dereva mpya anasema hata hivyo ilikuwa inakamata stesheni moja. Spea sijasamehe, ni 195/65 rimu 15, mpya, ina alama ya rangi nyekundu kwa ndani niliyoipaka mwenyewe, mafundi wa gereji za Ngamiani mkiletewa mnajua ni ya nani.

Mama wa Noah nyeupe,
Makorora, Tanga