Barua ya Malalamiko: "Malaika" Si Wimbo Usio na Mtunzi

Mombasa,
14 Aprili 2025.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Santuri za Zamani.

Bwana/Bibi,

KUH: MAELEZO YASIYO SAHIHI YA WIMBO "MALAIKA" KATIKA SANTURI MLIYONIUZIA

Mwezi Februari mwaka huu niliagiza kwenu santuri yenye mkusanyiko wa nyimbo za makundi ya vijana wa Sweden ya miaka ya 1960, nikailipia shilingi 4,800 pamoja na gharama za posta. Niliinunua kwa ajili ya wimbo mmoja tu, nao ni "Malaika" kama ulivyorudiwa mwaka 1967 na Hep Stars, kundi la Stockholm ambalo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuja kuwa mmoja wa wale wanne wa ABBA. Huku kwetu toleo hilo ni wachache mno wanaolijua. Watu wanamjua Fadhili William, wanamjua Miriam Makeba, na sisi wenye umri mkubwa kidogo tunakumbuka Boney M walivyouimba mwaka 1981; lakini nikiwaeleza kwamba vijana wa Sweden waliwatangulia Boney M kwa miaka 14, wengi huniomba niwasikilizishe ndipo waamini. Nimekuwa nikilitafuta toleo hilo kwa miaka mingi, na nililipa kwa furaha.

Santuri ilifika salama, haina mkwaruzo, na sauti yake ni safi. Malalamiko yangu hayahusu hayo. Yanahusu yaliyochapishwa kwenye jalada na katika kijitabu kilichomo ndani yake.

Katika jalada mmetaja jina la kila mpigaji ala, la fundi mitambo, hata la mpiga picha. Kila wimbo mwingine una jina la mtunzi wake. Mkifika kwenye "Malaika", mahali pa mtunzi mmeandika kwamba ni wimbo wa jadi wa Afrika. Nilipokiandikia kitengo chenu tarehe 3 Machi, nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba nyimbo nyingi za Afrika hazina mtunzi anayejulikana na kwamba maelezo hayo mliyapokea pamoja na rekodi. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii, kwa sababu lilinisikitisha kuliko hata kosa lenyewe.

"Malaika" si wimbo wa jadi. Haukuimbwa na mababu zetu ngomani wala haukuokotwa kijijini na msafiri. Ni wimbo wa mjini, wa gitaa, wa karne ya 20, uliorekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Fadhili William, mwenyeji wa Taita, ambaye hadi alipofariki mwaka 2001 alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Upo pia upande wa pili, nami sitauficha: kwa miaka mingi Adam Salim wa Tanzania naye ametajwa kuwa ndiye mtunzi, kwamba aliutunga katika miaka ya 1940 akiwa huko huko Nairobi, na waandishi wengi wanamwamini. Mjadala huo haujaisha katika baraza zetu na huenda mimi nisiuone ukiisha. Lakini watu wawili wakigombea shamba, jirani hana haki ya kutangaza kwamba shamba hilo halina mwenyewe. Kama hamkutaka kuingilia ugomvi huo, mngeweza kuyaandika majina yote mawili na kueleza kwa sentensi moja kwamba utunzi una mzozo, na msomaji angeelewa.

Neno "jadi" katika jalada lina uzito wa fedha pia, na ninyi mnaofanya biashara hii mnalijua hilo kuliko mimi. Wimbo ukiandikwa kuwa wa jadi, fungu la mtunzi katika mrabaha, yaani malipo yatokanayo na matumizi ya wimbo, hukosa wa kulipwa, na mara nyingi huishia mikononi mwa yule aliyejiandikisha kuwa mpangaji wa muziki. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na sheria za Sweden kwa miaka 70. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo, madai ya warithi wa Fadhili William bado yana uhai. Bila shaka mnayajua yaliyompata Solomon Linda wa Afrika Kusini, ambaye wimbo wake "Mbube" wa mwaka 1939 ulizunguka dunia nzima kwa majina ya watu wengine, naye akafa maskini mwaka 1962, na warithi wake wakaja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Naomba mnieleze kwa maandishi fungu la mtunzi wa "Malaika" katika santuri hii limelipwa kwa nani.

Kuhusu kijitabu, mmeandika kwamba huu ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Nimefundisha Kiswahili shuleni kwa miaka 27, na nawaomba mniamini katika hili hata kama hamtaniamini katika mengine. Anayeimba ni kijana aliyempenda msichana na kushindwa kumposa kwa sababu hana mali, yaani hana mahari. Kitenzi kinachobeba wimbo mzima ni "ningekuoa", na hakuna mzazi anayemwimbia mtoto wake mchanga neno hilo. Ndani ya kitenzi hicho hicho mna jambo ambalo msikilizaji wa kigeni hawezi kulipata asipoelezwa: kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kwa hiyo Miriam Makeba alipouimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, aliyabakiza maneno ya mwanamume katika kinywa cha mwanamke, na sisi tunaomsikiliza tunamsikia yule kijana maskini akisema kupitia sauti yake. Mimi naamini wimbo huo ulifika Sweden kwa njia ya santuri kama hiyo. Mnunuzi wa Stockholm angeelezwa hayo, angeyasikia machungu yaliyomo. Badala yake mmempa usingizi wa mtoto.

Sina neno baya juu ya Hep Stars. Vijana wa nchi ya mbali kuuchukua wimbo wa Kiswahili na kuufanya wao, miaka michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, ni jambo ninaloliheshimu, na ndiyo maana nataka jalada lao lisibebe kosa.

Kwa hiyo sitarudisha santuri wala sidai fedha zangu. Ninachoomba ni kwamba maelezo ya wimbo huu yarekebishwe sasa katika orodha yenu ya mauzo kwenye intaneti, ambako kazi hiyo haihitaji zaidi ya dakika chache. Kwamba nakala ambazo bado ziko ghalani zitiwe karatasi ya masahihisho yenye majina ya Fadhili William na Adam Salim. Na kwamba kijitabu kiandikwe upya kabla ya toleo lijalo. Niko tayari kuwaandalia tafsiri ya maneno ya wimbo, mstari kwa mstari, bila malipo yoyote.

Naambatisha nakala ya stakabadhi ya malipo, picha ya jalada na barua pepe mliyonijibu mwezi Machi. Nitasubiri majibu yenu kwa siku 30, na nisipoyapata nitapeleka nakala ya barua hii kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mteja wenu,
Mombasa.