Wazazi waelezwe kuhusu chanjo ya HPV

Mhariri,

Kila inapotajwa chanjo ya HPV, virusi vinavyoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, katika mikutano ya wazazi hapa Kisumu, husikika swali lile lile: kwa nini mtoto wa miaka 10 akingwe dhidi ya maradhi ya zinaa? Swali hilo si la kubezwa. Mimi mwenyewe, mama wa wasichana wawili, niliwahi kuliuliza. Virusi hivi huenea kwa kugusana kwa ngozi ya sehemu za siri, mara nyingi bila dalili yoyote, hivi kwamba hata kondomu, ijapokuwa hupunguza hatari, haizuii maambukizi yote. Na kwa kuwa chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, hufaa zaidi ikitangulia.

Wengi huondokewa na virusi hivyo wenyewe. Vikikawia mwilini kwa miaka mingi ndipo hatari huzuka, na aina ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Wanaodai kwamba watoto wetu wanafanyiwa majaribio wakumbuke kuwa chanjo hii ilianza kutumika mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Kenya kuiingiza katika ratiba yake. Utafiti wa Kisumu, Nairobi na Thika ulionyesha mwaka 2022 kuwa hata dozi moja hukinga vyema. Ajabu ni kwamba majirani zangu wengi hawajausikia. Wauguzi wafike kwanza makanisani, misikitini na katika mabaraza ya machifu, ndipo waende shuleni na sindano.

Mzazi,
Kondele, Kisumu