Mstari wa kurudi

Mwanangu,

Jana usiku niliingia chumbani kwako kuzima taa, nikaukuta mchoro wako ukutani: Dunia ya buluu, Mwezi wa kijivu, na mstari mwekundu uliopinda kutoka huku hadi kule. Pembeni umepanga miaka yako vizuri, 1957, 1961, 1963, 1965, 1969, na sikuona uliokosewa. Ila nilisimama pale nikitafuta mstari wa pili, nikaukosa. Roketi yako imekwenda Mwezini na haijarudi.

Si wewe peke yako. Wenye kazi yao walianza hivyo hivyo. Sputnik, lile tufe la sentimita 58 ambalo Umoja wa Kisovieti ulilirusha tarehe 4 Oktoba 1957, halikuwekewa njia ya kurudi. Lilizunguka likilia redioni kwa wiki tatu, betri zikaisha, na Januari likashuka likaungua hewani. Chuma ni chuma, hakina anayekingoja nyumbani. Lakini mwezi mmoja tu baada ya kulirusha walimpakia Laika, mbwa aliyeokotwa mitaani Moscow, na yeye pia hakuwekewa njia ya kurudi. Walilijua hilo kabla hajapanda. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba aliishi huko siku kadhaa. Mwaka 2002 ndipo ilipoelezwa kuwa joto lilimuua saa chache tu baada ya kuruka. Umeandika "mnyama wa kwanza kuizunguka Dunia", na ni kweli. Ukamchora anatabasamu.

Basi tangu jana kila jina la orodha yako naliuliza swali moja: huyu alirudije?

Chukua Yuri Gagarin, 12 Aprili 1961. Tunafundishwa kwamba aliizunguka Dunia mara moja kwa dakika 108, tunapita. Wakubwa wake walihofu akili isije ikamruka huko juu, wakazifunga swichi za kuongozea chombo kwa namba ya siri, 125, na namba yenyewe wakaitia kwenye bahasha humo humo ndani. (Siri gani! Kabla hajaondoka alikuwa ameshanong'onezwa.) Wakati wa kushuka, sehemu yenye injini iligoma kuachana na kapsuli yake, kile chumba alichokaa. Zikabaki zimeshikana kwa nyaya, zikizunguka ovyo, hadi joto la hewa lilipozikata nyaya hizo. Kisha, kilomita 7 juu ya ardhi, kiti kilimrusha nje, akashuka kwa parachuti yake na kapsuli ikashuka kwa yake. Hilo nalo lilifichwa miaka mingi, kwa kuwa kanuni za rekodi zilitaka rubani atue na chombo chake.

Akaangukia shambani, mbele ya bibi mmoja na mjukuu wake. Walipoona kiumbe chenye vazi la rangi ya chungwa na kofia kubwa nyeupe, wakaanza kurudi nyuma. Akawaambia wasiogope, yeye ni mwenzao, anatafuta simu apige Moscow. Naipenda sehemu hii kuliko roketi yenyewe. Ametoka mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika, na shida yake ni simu.

Valentina Tereshkova wako wa 1963, mwanamke wa kwanza kwenda angani, aligundua akiwa huko huko kwamba chombo chake kimepangiwa mwelekeo ambao ungempandisha juu zaidi badala ya kumshusha. Alitoa taarifa, akatumiwa hesabu mpya, akaombwa asimwambie mtu. Alinyamaza kwa miongo kadhaa.

Na Alexei Leonov, 18 Machi 1965. Alitoka nje ya chombo akaelea dakika 12, na hapo ndipo unapoishia wewe. Sasa ingia naye. Huko nje hakuna hewa ya kulikandamiza vazi, kwa hiyo lilivimba kama tairi, vidole vikachomoka kwenye glavu, na mlango aliotokea ukawa mdogo kwake. Bila kuomba ruhusa alifungua vali akapunguza hewa ya ndani ya vazi, hewa ile ile aliyokuwa akiivuta, kidogo kidogo hadi akapenya. Akaingia kichwa mbele ilhali alifundishwa kutanguliza miguu, ikambidi ajipindue ndani ya bomba jembamba ili aufunge mlango. Kama hiyo haikutosha, mtambo wa kuwashusha wenyewe uligoma. Yeye na mwenzake, Pavel Belyayev, wakakishusha chombo kwa mkono, wakatua mbali na walikotarajiwa, katikati ya msitu wenye theluji. Waliowafuata walikuja kuondoka nao kwa kuteleza juu ya mbao za theluji.

Kuhusu Mwezi umeandika mengi, sitaongeza ila swichi. Neil Armstrong na Buzz Aldrin waliporudi ndani baada ya kutembea, waliikuta swichi moja imevunjika iko sakafuni, na ndiyo iliyohitajika kuiandaa injini ya kuwaondoa pale. Injini hiyo ilikuwa moja tu, isiyo na ya akiba. Aldrin akasukuma kalamu ndani ya tundu la swichi, ikakubali. Wakati huo huo Michael Collins alikuwa akizunguka juu yao peke yake. Alikuja kueleza kwamba hofu aliyokuwa nayo kwa miezi ni kulazimika kurudi bila wenzake. Na Marekani hotuba ya rais ya kuwaomboleza ilikuwa imeshaandikwa, iko tayari mezani.

Mwaka 1971 hukuuweka. Uweke, hata kama mwalimu hautaki. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikaa siku 23 angani, wakawa wa kwanza kuishi ndani ya kituo cha anga, Salyut 1. Tarehe 30 Juni kapsuli yao ilitua sawasawa, parachuti imefunguka vizuri. Waokoaji wakagonga, kimya. Vali moja ilikuwa imefunguka walipoachana na sehemu nyingine za chombo, hewa yote ikatoka, nao hawakuwa na mavazi ya kuwakinga kwa sababu watatu wenye mavazi hayo wasingeenea. Baada yao, hakuna aliyeruhusiwa tena kushuka na chombo cha aina ile bila vazi.

Kuna mmoja wa kukuchekesha kidogo. Sergei Krikalev aliondoka Mei 1991 kwenda kituo cha Mir, raia wa Umoja wa Kisovieti. Akiwa huko, nchi yake ikavunjika. Aliposhuka 25 Machi 1992, baada ya siku 311, ardhi aliyotua ilikuwa Kazakhstan, nchi huru, na mji wake wa Leningrad ulishaitwa Saint Petersburg. Ilibidi ashikiliwe, miguu ilikuwa imesahau uzito. Na bado Novemba 2000 alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kukaa Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tangu hapo hakijawahi kubaki bila watu, na wanaokaa humo huwa wameegeshewa chombo cha kuwarudisha, na kila mmoja na kiti chake.

Sasa, unapouchora mstari wa pili, usiupitishe juu ya ule wa kwanza. Anayetoka Mwezini huifikia Dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 11 kwa sekunde, na lazima aingie hewani kwa pembe nyembamba sana: akizidisha ukali anaungua, akipunguza hewa inamtupa nje. Upinde, uguse Dunia ubavuni.

Penseli nyekundu iko chini ya kitanda, niliikanyaga. Na lile tabasamu la Laika sijaligusa. Amua mwenyewe.

Mama yako